Mwanga wa Mapigo: Unachokiua na Usichokifikia

SOMO LA ROBO HII



Somo la safari hii linatokana na swali ambalo limetufikia zaidi ya mara moja. Kikundi cha akina mama wanaosindika juisi ya maembe wametuuliza. Kamati moja ya zahanati imetuuliza. Mfadhili mmoja naye ametuandikia kwa moyo mwema akitaka kujua kama angeweza kutusaidia kununua "mashine ya mwanga inayoua vijidudu". Wote wamesikia jambo lilelile: kwamba katika viwanda vya Ulaya na Marekani siku hizi vifungashio na hata vyakula husafishwa kwa mwanga mtupu, bila moto wala dawa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wanauliza kama ni kweli. Na kama ni kweli, kwa nini sisi tuendelee kuchemsha maji na kununua klorini?

Ni kweli. Tumeona vema kueleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu kamati inayojua mwanga huo unavyofanya kazi haitadanganywa na mwenye kuuza, na pia haitakataa kitu kizuri kwa sababu tu ni kigeni. Fedha zinazozungumzwa hapa ni sadaka za watu, na maji yanayozungumzwa hunywewa na watoto wetu.

Kuanika si jambo jipya

Mama aliyelea mtoto anajua kuanika godoro juani. Nguo za mgonjwa huanikwa, nepi huanikwa, hata vyombo huachwa kichanjani vikaukie juani. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba jua hukausha na pia huondoa harufu na ugonjwa.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walilipima jambo hilo. Waliweka mirija yenye maji ya virutubisho juani, mingine wakaifunika mwanga usiingie. Iliyofunikwa ikachafuka kwa bakteria, iliyopigwa na jua ikabaki safi. Wakaona pia kwamba nguvu kubwa iko upande wa rangi ya buluu na urujuani, si upande wa nyekundu. Baadaye daktari wa Denmark, Niels Finsen, alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa za zebaki.

Kinachofanya kazi hiyo ni mionzi ya urujuanimno, ambayo mafundi huiita kwa kifupi UV. Jicho haliioni. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. UV iko chini ya 400. Sehemu yake kali zaidi kwa vijidudu iko karibu na nanomita 260, na hiyo haitufikii kutoka kwenye jua kwa sababu tabaka la ozoni huko juu huizuia. Ndiyo maana godoro huhitaji kutwa nzima, na taa ya kiwandani huhitaji sekunde chache.

Inauaje? Ndani ya vijidudu vingi kuna DNA, yaani maagizo ya uhai wao, mfano wa zipu ndefu yenye meno yaliyopangwa. UV ikipiga hapo, meno mawili ya jirani hugandana. Zipu haifunguki tena, na kijidudu hakiwezi kuzaliana. Si lazima kife palepale kama nzi aliyepigwa. Kinakuwa tasa, na kijidudu tasa hakiambukizi. Lakini mwaka 1949 Albert Kelner aligundua kwamba baadhi ya bakteria waliopigwa na UV wanaweza kuitengeneza upya zipu hiyo wakiwekwa kwenye mwanga wa kawaida. Kwa hiyo kipimo cha mwanga kisichotosha si nusu ya kazi. Huenda kisiwe kazi kabisa.

Pipa la maji na mpiga picha wa harusi

Sasa tuje kwenye neno "mapigo". Taa ya kawaida ya UV huwaka mfululizo, kama taa ya sebuleni. Taa ya mapigo huwaka na kuzima, tena kwa nguvu kubwa mno. Mmeiona tayari: ni ndugu wa flashi ya kamera. Mpiga picha wa harusi akishapiga picha, flashi yake hulia sauti nyembamba ikijijaza umeme kabla haijamweka tena. Ndani yake kuna kapasita, kifaa kinachoweka akiba ya umeme. Harold Edgerton wa chuo cha MIT huko Marekani ndiye aliyeiendeleza sana taa ya namna hiyo katika miaka ya 1930, akapiga picha za vitu viendavyo kasi.

Fikirini pipa la maji linalojazwa usiku kucha na bomba jembamba. Ukilifungulia kwa bomba lilelile, utapata kijito tu. Ukilipindua kwa mara moja, maji yaleyale yataangusha mtu. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme. Tuseme imeweka akiba ya jouli 300. Balbu ya wati 60 ingetumia akiba hiyo kwa sekunde 5. Ikiachiliwa kwa mikrosekunde 300, yaani sehemu 300 za milioni ya sekunde moja, nguvu yake kwa wakati huo mfupi inafikia wati milioni moja. Umeme ni uleule, bili ni ileile, lakini pigo ni jingine.

Pigo hilo hupitishwa ndani ya mrija wa kioo cha kwazi uliojazwa gesi ya zenoni. Mwanga unaotoka una UV, una mwanga wa kawaida na una joto, vyote pamoja, kuanzia nanomita 200 hadi 1100. Tofauti na taa nyingi za UV, hauna zebaki. Hiyo ni sifa ya kweli, hasa tangu Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulipopitishwa mwaka 2013. Taa ya zebaki ikivunjika ndani ya chumba cha kusindika chakula, kazi yote inasimama. Ikivunjika mrija wa zenoni, shida ni vipande vya kioo.

Viwandani inafanya nini

Matumizi yanayotufaa zaidi kwa somo hili ni vizibo vya chupa. Kiwanda cha juisi au cha maziwa kinaweza kuchemsha kinywaji vizuri sana, kisha kikakifunika kwa kizibo chenye mbegu za kuvu. Wiki tatu baadaye chupa imevimba dukani. Zamani vizibo viliogeshwa kwa dawa kama haidrojeni peroksaidi, na dawa hiyo ilibidi iondolewe. Moto hauwezekani, kwa kuwa plastiki hupinda. Katika mashine ya mwanga wa mapigo, vizibo huteremka kimoja kimoja kwenye mfereji, upande wa ndani ukielekea taa. Kila kimoja hupigwa, kisha huenda moja kwa moja kwenye chupa. Kampuni ya Claranor ya Avignon, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2004, imefanya kazi hiyo kuwa fani yake: vizibo, vikombe vya mtindi na vifuniko vya karatasi ya alumini.

Angalieni kwa nini kizibo kinafaa. Ni kipya, ni kikavu, ni laini, hakina mikunjo mingi, na kinaweza kugeuzwa upande unaotakiwa. Mwanga unakiona chote.

Matumizi ya pili ni juu ya chakula chenyewe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu jambo hilo mwaka 1996 kwa masharti: taa iwe ya zenoni, kila pigo lisizidi sehemu mbili za elfu ya sekunde, na jumla ya mwanga isizidi jouli 12 kwa kila sentimita ya mraba ya chakula. Jouli 12 zote zikimezwa na gramu moja ya maji, maji hayo yangepanda joto kwa nyuzi chini ya tatu tu. Kwa hiyo chakula hakipikwi. Lakini ruhusa hiyo inasema wazi kwamba ni kwa vijidudu vya juu ya uso wa chakula. Maneno hayo, "juu ya uso", wauzaji wengi huyapita haraka.

Kuna tumizi moja ambalo halihusu kuua kitu chochote, nalo limetufurahisha. Uyoga una kitu kiitwacho ergosteroli, ambacho UV hukigeuza kuwa vitamini D. Watafiti wa chuo kikuu cha Penn State huko Marekani walionyesha kwamba mapigo machache, kwa muda wa sekunde chache, hutosha kuupa uyoga vitamini D nyingi. Vikundi vyetu vinavyolima uyoga wa mamama visikimbilie kuomba mashine. Uyoga uliokatwa na kuanikwa kwenye jua la mchana hutengeneza vitamini hiyohiyo, bure. Wanaokausha uyoga kivulini, ili usipoteze rangi, wafikirie upya.

Nje ya chakula, mwanga huu hukausha gundi, wino na vanishi. Neno "kukausha" hapa si sawasawa, maana hakuna maji yanayotoka. Mwanga huziamsha chembe za gundi zikashikana na kuwa ngumu papo hapo. Santuri za DVD zilitengenezwa hivyo: kila moja ni sahani mbili, kila sahani unene wa milimita 0.6, zimebandikwa pamoja. Taa inayowaka mfululizo ingezipasha moto zikapinda. Mapigo yanagandisha gundi kabla plastiki haijapata joto. Kwa njia kama hiyo viwanda vya vifaa vya elektroniki huchapa nyaya za wino wa fedha au shaba juu ya plastiki nyembamba, kisha huzipiga mmweko mmoja. Wino hupanda joto kwa mamia ya nyuzi kwa muda usiofika sehemu ya elfu ya sekunde, na plastiki iliyo chini haiungui. Hayo tunayataja tu ili msomaji ajue kwamba chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya maji ya kijijini.

Tatizo la kivuli

Hapa ndipo tungependa kamati zitulie. Mwanga hauzunguki kona. Wekeni taa mezani usiku, kisha wekeni kikombe mbele yake: nyuma ya kikombe kuna giza. Kwa kijidudu, mkunjo wa jani la mchicha ni mlima, na punje ya vumbi ni nyumba. Kikijificha nyuma yake, wati milioni moja zinapita juu ya kichwa chake.

Hata bakteria wenyewe huwekeana kivuli. Wakiwa wengi na wamerundikana, wa juu wanakufa na wa chini wanasalimika. Mafuta na damu juu ya nyama humeza mwanga. Maziwa hutawanya mwanga, ndiyo maana ni meupe. UV huingia sehemu ndogo tu ya milimita. Juisi ya embe ni hivyohivyo. Yapo mashine za kiwandani zinazopitisha juisi katika tabaka jembamba sana mbele ya taa, lakini taa iliyoning'inizwa juu ya ndoo ya juisi inasafisha utando wa juu tu.

Wauzaji hupenda kusema "inaua asilimia 99.9". Kamati ifanye hesabu. Vijidudu milioni moja vikipungua kwa asilimia 99.9, vinabaki 1,000. Kwa asilimia 99.999, vinabaki 10. Tarakimu mbili baada ya nukta zimeleta tofauti ya mara mia. Tena asilimia hizo hupimwa maabara, juu ya sahani safi na laini. Juu ya meza ya zahanati yenye mikwaruzo, jibu ni jingine.

Kwa sababu hiyo, kiwandani mwanga ni hatua ya mwisho. Kwanza usafi wa mikono, halafu maji safi, kuchemsha, kukausha; ndipo mwanga, halafu kufunga mara moja. Anayenunua hatua ya mwisho bila zile za kwanza amenunua kufuli kabla hajajenga mlango.

Tumeulizwa pia kuhusu mahindi na karanga. Swali hili ni zito. Sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni kweli kwamba mwanga wa mapigo huua mbegu za kuvu, na maabara zimeonyesha kwamba unaweza kuivunja hata sumu yenyewe kiasi. Lakini punje ya muhindi ina pande zote, ina kitovu na nyufa, na kuvu huingia ndani. Gunia moja lina punje maelfu kwa maelfu. Kwa sasa hatuwezi kumshauri mfadhili yeyote atoe fedha kwa njia hiyo huku kaya zikianika mahindi juu ya udongo mtupu. Turubai, kichanja, mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, na mifuko isiyopitisha hewa. Hapo fedha inaokoa watu.

Je, maji?

Kwa maji, UV ni njia nzuri na ya kuaminika, lakini kwa kawaida si ya mapigo. Miji mingi duniani hutumia taa za zebaki zinazowaka mfululizo, maana ni rahisi na hutumia umeme vizuri. Zina sifa moja inayozidi klorini. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kuhara kwa sababu ya kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho klorini haikiwezi. UV inakiweza, hata kwa kipimo kidogo.

Udhaifu wake nao mwuone. Maji yawe maangavu. Yakiwa na rangi ya chai, mwanga unaishia njiani. Mwanga haubaki ndani ya maji kama klorini inavyobaki, kwa hiyo maji yaliyotoka safi kwenye taa yakiingia kwenye dumu chafu yanachafuka palepale. Chokaa na chuma vya kisimani hufanya ukoko juu ya kioo kinachoifunika taa, na ukoko ni kivuli. Taa nyingi hubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi, yaani mwaka mmoja zikiwaka mchana na usiku. Na kwa ndugu zetu wa Arusha na maeneo ya Bonde la Ufa: fluoridi inayoharibu meno na mifupa ya watoto haiguswi na mwanga wowote, wala haiondolewi kwa kuchemsha.

Katika zahanati moja tuliyoitembelea tulikuta taa ya UV ukutani. Wageni waliifunga kwa nia njema. Ilikuwa ikiwaka, tena rangi ya buluu nzuri kabisa, na muuguzi alituambia huiwasha kila jioni. Juu ya mrija kulikuwa na vumbi la kuandikika kwa kidole. Hakuna aliyejua ilifungwa mwaka gani. Watu hawaelewi, nasi hatuwalaumu, kwamba rangi ya buluu si UV. Taa iliyochoka huendelea kung'aa huku nguvu yake ya kuua imeshuka. Vilevile taa ndogo ya urujuani anayotumia mwenye duka kukagua noti bandia ni ya UV hafifu. Haifai kwa kazi hii hata ikiwaka usiku kucha.

Kwa kaya isiyo na umeme, jua lenyewe lipo. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, iliyojazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa saa 6, au kwa siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, hupunguza sana vijidudu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba waliokunywa maji ya namna hiyo walipata kuhara kidogo kuliko wenzao. Ni kazi ya kila siku na inachosha, hilo tusilifiche. Lakini haihitaji fundi.

Hatari kwa mwenye kuitumia

Fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi bila kioo anajua usiku wake unavyokuwa: macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Hiyo ni UV. Taa ya kuua vijidudu hufanya vivyo hivyo, na huunguza ngozi. Katika hospitali zinazotumia mashine za mapigo, chumba hutolewa watu kwanza, mlango hufungwa, na mashine huzimika yenyewe mtu akiingia. Hata hivyo wafanya usafi hupita na kitambaa kabla yake. Mashine haikuchukua nafasi yao.

Wakati wa korona taa nyingi za mkononi ziliuzwa mitaani. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2020 kwamba watu wasitumie taa za UV kusafisha mikono wala ngozi, na mwaka 2022 FDA ikatoa tahadhari juu ya fimbo za UV zilizokuwa zikitoa mionzi ya hatari.

Taa ya mapigo ina hatari nyingine mbili. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa na waya kuchomolewa. Fundi wa kawaida wa redio akiifungua bila kujua anaweza kufa. Tena mwanga wake hugeuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni, gesi yenye harufu kali inayodhuru mapafu, kwa hiyo mashine inahitaji bomba la kuitoa nje. Tunapoomba kifaa, tunaomba pia mtu wa kukitunza, na mara nyingi mtu huyo hayupo kwenye bajeti.

Kwa wafadhili wetu

Msituelewe vibaya, hatusemi msitoe. Kiwanda cha ushirika chenye umeme wa uhakika, chenye maabara ndogo, ambacho tayari kinachemsha na kujaza chupa vizuri lakini kinapoteza mali kwa sababu ya vizibo, kingeweza kunufaika na mashine hii. Zahanati yenye kisima kirefu, maji maangavu na mtu anayelipwa kuitunza ingenufaika na taa ya kawaida ya UV. Tunachoomba ni kwamba ahadi isiwe ya kifaa peke yake. Iwe ya kifaa, taa za kubadilisha za miaka mitatu, kifaa cha kupimia mwanga, na posho ya mtunzaji. Zawadi ikiwa ndogo kuliko hapo, vichujio vya mchanga na klorini vitafanya kazi zaidi kwa fedha hiyohiyo.

Kamati zinazoandaa maombi ya robo ijayo, zijadili maswali haya na kuambatanisha majibu:

1. Tunataka kuua nini hasa, na kiko juu ya uso, ndani ya chakula, au ndani ya maji? Nani amepima?

2. Maji yetu yakiwekwa kwenye glasi juu ya gazeti, maandishi yanasomeka vizuri?

3. Umeme ulikatika mara ngapi mwezi uliopita? Siku hiyo watu watakunywa nini?

4. Hatua zilizo kabla ya mwanga (kunawa, kuchuja, kuchemsha, kukausha) zinafanyika kila siku, au siku za wageni tu?

5. Andikeni jina la mtu atakayefuta kioo cha taa na kuandika tarehe ya kuibadilisha kwenye daftari. Akihama, nani atalipokea daftari hilo?